Macho ya Mzee Pompeianus

Katika miaka ya Commodus, mzee mmoja wa seneti ya Roma alikuwa mgonjwa wa macho. Tiberius Claudius Pompeianus, jemadari na mkwe wa Marcus Aurelius, aliyepigana naye vita vya Danube bega kwa bega, alijichimbia shambani, akasema uzee umemwelemea na macho hayaoni vizuri. Kwenye michezo ya uwanjani, ambako mfalme mwenyewe alishuka mchangani kupigana kama watumwa wa mapambano, hakutia mguu, aliwatuma wanawe. Commodus alipouawa usiku wa kuamkia mwaka 193, mzee akaonekana mjini, ameketi benchi moja na mfalme mpya, Pertinax, mzima wa afya na anaona vizuri tu. Haikupita miezi mitatu Pertinax naye akauawa, na macho ya Pompeianus yakaharibika upya. Cassius Dio, seneta aliyetuachia habari hizi, anasema hakumwona tena kwenye vikao baada ya hapo.

Huyu mzee ndiye anayetajwa kila linapozuka swali ambalo wapenzi wa historia ya Roma hawachoki kuulizana: ingekuwaje kama Marcus Aurelius asingemrithisha mwanawe, Commodus? Hoja yenyewe inajulikana. Wafalme wanne waliotangulia walitafuta mtu mwenye sifa, wakamwasili awe mtoto wao kisheria, na dola ikastawi kwa zaidi ya miaka 80. Akaja Marcus, mwanafalsafa, akavunja desturi kwa mapenzi ya mzazi, na Roma ikaanza kuteremka mlima. Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, katika karne ya 18, alikisifu kipindi cha kuanzia kifo cha mfalme Domitian hadi kutawazwa kwa Commodus kuwa ndicho ambacho binadamu aliishi kwa raha kuliko vyote. Filamu ya Gladiator, iliyotoka mwaka 2000, ikaongeza chumvi: humo Marcus anaamua kumkabidhi nchi jemadari wake, na Commodus anamkaba baba yake pumzi hadi anakata roho.

Mambo hayakwenda hivyo. Marcus alikufa kwa maradhi tarehe 17 Machi 180, vitani, katika nchi za Danube. Commodus wakati huo alikuwa mfalme mwenza tangu mwaka 177, na jina lake liko kwenye sarafu na kwenye nyaraka za serikali. Hakukuwa na usiku wa mwisho wa kubadili mawazo, wala barua iliyofichwa chini ya mto.

Lakini kosa kubwa la hoja ile liko nyuma zaidi, kwenye hiyo “desturi” inayodaiwa kuvunjwa. Nerva hakuwa na mtoto. Trajan hakuwa na mtoto. Hadrian hakuwa na mtoto. Antoninus Pius alizaa wana wawili, wote wakafa kabla hajafika kwenye kiti cha enzi. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyemruka mwanawe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mwana wa kumruka. Na walipoasili, kwa sehemu kubwa hawakwenda mbali na ukoo. Hadrian alikuwa mtoto wa binamu yake Trajan, tena kamwoa mjukuu wa dada yake Trajan. Mke wa Antoninus alikuwa shangazi yake Marcus. Nerva peke yake ndiye aliyechukua mtu wa mbali, na alifanya hivyo mwaka 97 baada ya walinzi wa kasri kumwasi na kumdhalilisha ndani ya nyumba yake. Mzee yule alihitaji mtu mwenye jeshi nyuma yake, na Trajan alikuwa nalo, huko Germania.

Tazama Hadrian alivyoipanga safari yake ya mwisho, maana ndiye anayesifiwa kuliko wote kwa kuchagua vizuri. Mwaka 136, akiwa mgonjwa, alimwasili Lucius Aelius, mtu wa anasa aliyekuwa akitema damu. Huyo akafa siku ya kwanza ya Januari 138. Ndipo akamgeukia Antoninus, kwa sharti kwamba naye awaasili vijana wawili: Marcus, na Lucius Verus mwana wa yule marehemu. Katikati ya hesabu hizo alikuwapo kijana mwingine, Pedanius Fuscus, umri kama miaka 18, mjukuu wa dada yake Hadrian, yaani ndugu wa damu wa karibu kuliko wote waliotajwa. Fuscus aliuawa, pamoja na babu yake Servianus mwenye miaka 90. Ili sifa zipate nafasi, damu ililazimika kumwagika kwanza, hata damu ya mzee ambaye angekufa mwenyewe kabla ya mavuno mawili.

Hapo ndipo ninapodhani uchambuzi wote wa warithi wa Roma unapaswa kuanzia. Dola ile haikuwa na sheria ya urithi wa ufalme. Kisheria hakukuwa hata na ufalme. Kulikuwa na fungu la vyeo na mamlaka ambalo seneti ilimkabidhi mtu mmoja, baada ya jeshi kuonyesha inamtaka nani. Lakini mali, jina la ukoo, watumwa walioachwa huru, wateja na uaminifu wa askari vilirithiwa nyumbani, kama shamba. Askari wa mpakani hakujua mjadala wa seneti. Alilijua jina aliloliapia, na mwana wa mwenye jina alikuwa mwana wa mwenye jina, awe mwerevu au zuzu. Kwa hiyo mtoto wa mfalme asiyepewa kiti hakuweza kwenda zake kulima zabibu. Alibaki kuwa bendera inayosubiri mtu wa kuishika.

Wenye viti walilijua hilo, na orodha ya vijana waliolipia ni ndefu. Agrippa Postumus, mjukuu wa Augustus, aliuawa kisiwani alikofungiwa mara tu babu yake alipofariki mwaka 14 BK. Tiberius aliandika katika wasia wake kwamba mjukuu wake Gemellus arithi pamoja na Caligula. Wasia ukatanguliwa, na haukupita muda mrefu Gemellus akawa maiti. Claudius alimwasili Nero mwaka 50 akiwa na mwana wake wa kumzaa, Britannicus, mdogo kwa umri. Mwaka 55, miezi michache baada ya Nero kukalia kiti, Britannicus alianguka mezani wakati wa chakula na hakuinuka.

Sasa rudi kwa Marcus. Yeye na mkewe Faustina walizaa watoto wasiopungua 13. Commodus alizaliwa tarehe 31 Agosti 161, pacha. Pacha mwenzake alikufa akiwa na miaka kama minne. Mdogo wao, Annius Verus, alipewa cheo cha Kaisari pamoja na Commodus mwaka 166, watoto wawili wadogo wakivishwa heshima ya warithi wa dunia. Mwaka 169 yule mdogo akapasuliwa uvimbe chini ya sikio, akafa akiwa na miaka saba. Inasimuliwa kwamba baba aliomboleza siku tano tu, akarudi kwenye kazi za vita. Katika kitabu chake cha mawazo Marcus anaishukuru miungu kwamba watoto wake hawakuwa wazito wa akili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sitaki kumcheka. Mtu aliyezika wana mmoja baada ya mwingine akabakiwa na mmoja hawezi kuambiwa leo, na sisi tuliokaa kitini, kwamba alipaswa kumweka kando huyo aliyebaki.

Na hata angekuwa na moyo wa jiwe, mwaka 175 ulimfunza jambo. Uvumi ulifika Syria kwamba Marcus amekufa. Avidius Cassius, liwali wa huko na jemadari hodari, akajitangaza mfalme, na Misri ikamfuata. Uvumi ulikuwa wa uongo, na baada ya miezi mitatu hivi akida mmoja alimuua Cassius, kichwa chake kikapelekwa kwa Marcus, ambaye alikataa kukitazama. Lakini aliona vizuri kilichotokea: siku moja tu ya kudhaniwa kiti ki wazi ilitosha kuleta mfalme wa pili. Commodus, hajatimiza miaka 14, aliitwa mbio Danube akavishwa joho la utu uzima mbele ya askari. Miaka miwili baadaye akawa mfalme mwenza. Kwa macho yangu Marcus hakuongozwa na mapenzi yaliyompofusha. Alikuwa anaziba ufa.

Je, kuna mahali Roma ilijaribu kweli njia ile nyingine, ya kumruka mtoto aliye hai ili kumpa kiti mwenye uwezo? Ipo, na ajabu ni kwamba wanaouliza swali la Commodus huwa hawaitazami. Naacha mfalme Galba, aliyemwasili Piso, kijana wa ukoo bora na tabia safi, tarehe 10 Januari 69, na kufikia tarehe 15 wote wawili vichwa vyao vilikuwa vinabebwa mitaani. Galba alikuwa bahili kwa askari, na hilo peke yake lilitosha kummaliza. Jaribio lenyewe ni la Diocletian.

Diocletian aliigawa kazi ya ufalme kwa watu wanne mwaka 293: wakubwa wawili, na chini yao wadogo wawili ambao siku moja wangepanda. Tarehe 1 Mei 305 akafanya jambo ambalo hakuna mfalme wa Roma aliyekuwa amelifanya kwa hiari: alijiuzulu, na kumshurutisha mwenzake Maximian ajiuzulu siku hiyo hiyo. Mwandishi Lactantius, ambaye hakumpenda, anaieleza sherehe ya Nicomedia kwa undani. Askari wamekusanyika kilimani nje ya mji. Diocletian analia, anasema amechoka, anahitaji kupumzika. Kila jicho liko kwa Constantine, mwana wa Constantius, kijana mrefu anayesimama pale jukwaani. Constantius anapanda kuwa mkubwa, basi bila shaka mwanawe ndiye atakayekuwa mdogo. Galerius, yule mdogo mwingine anayepanda, ananyoosha mkono nyuma, anamsukuma Constantine kando, na kumvuta mbele mtu ambaye wengi hawamjui hata kwa jina: Maximinus Daia. Diocletian anavua joho lake la zambarau, anamvisha Daia, anashuka, anapanda gari na kwenda zake kwao Dalmatia. Maxentius, mwana wa Maximian, naye aliachwa nje.

Mpango ulidumu chini ya miezi 15. Constantius alifia York tarehe 25 Julai 306, na askari wake, papo hapo, wakamtangaza Constantine. Oktoba mwaka huo Roma ikamtangaza Maxentius. Baba yake, Maximian, akatoka kustaafu kudai kiti chake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kwa vipindi hadi mwaka 324, na aliyebaki peke yake mwishoni ni Constantine, yule aliyesukumwa kando. Na tusisahau kitu kimoja: Diocletian, fundi wa mpango huu wa kuwaruka wana, hakuwa na mwana. Alikuwa na binti, na mume wa binti yake alikuwa Galerius. Na Daia alikuwa mpwa wa Galerius. Ilikuwa rahisi kwake kutunga sheria ambayo haikumgusa nyumbani. Alipoombwa arudi madarakani alikataa, na inasimuliwa kwamba aliwaambia waje waone kabichi alizozipanda kwa mikono yake. Namfikiria pamoja na Pompeianus na macho yake.

Mahali ambapo mrithi mwingine angeweza kubadili ramani ni pale ambapo warithi walikuwa kadhaa na wa hadhi karibu sawa. Augustus alizika warithi wake karibu wote: Marcellus mwaka 23 KK, Agrippa mwaka 12 KK, wajukuu Lucius na Gaius mwaka 2 na 4 BK. Akabakiwa na Tiberius, mtoto wa mkewe, umri miaka 44, na Germanicus, kijana wa miaka 18 hivi aliyependwa na kila mtu. Alimchukua Tiberius na kumlazimisha amwasili Germanicus. Miaka 12 baadaye Tiberius, sasa mfalme, alimwondoa Germanicus ng’ambo ya Rhine, akaona gharama haina faida, na mpaka ukabaki mtoni. Germanicus angekuwa na kauli ya mwisho, pengine angeendelea kuuvuta hadi Elbe, na ramani ya lugha za Ulaya ingekuwa na sura nyingine. Hapa nakubali kwamba jina la mrithi lilikuwa na uzito. Ila ni uzito wa aina fulani: wa kuamua vita iendelee au isimame.

Kwa hiyo tumpe Pompeianus kiti. Tuseme mwaka 180 Commodus anakufa kwa homa, jambo la kawaida kabisa wakati wa tauni iliyokuwa ikizunguka dola tangu mwaka 165, na Marcus anamwachia nchi mkwe wake. Kwanza, Pompeianus ana tatizo la kwao: ametoka Antioch, baba yake hakuwa hata seneta, na mkewe Lucilla, binti ya Marcus na mjane wa Lucius Verus, aliiona ndoa hiyo kuwa ya kumshusha. Lakini ana umri wa miaka kama 55, ana heshima ya jeshi, na Lucilla amemzalia mwana. Mwana huyo ni mjukuu wa Marcus. Unaona tulikorudi.

Vita vya Danube angeviendeleza. Mwanahistoria Herodian anasema ndicho alichomsihi Commodus baada ya mazishi. Vikosi vya Roma vilikuwa vimeingia ndani sana. Pale Trenčín, katika Slovakia ya leo, maandishi yaliyochongwa kwenye mwamba yanataja askari 855 waliokaa huko majira yale ya baridi. Huenda yangezaliwa majimbo mawili mapya ng’ambo ya mto. Sidhani yangedumu. Dacia, jimbo tajiri la dhahabu lililotekwa na Trajan, liliachwa katika karne iliyofuata. Majimbo ya misitu yasiyo na dhahabu yangeachwa mapema zaidi. Seneti, kwa upande wake, ingepumua. Kusingekuwa na mwaka wa makonsuli 25, pale Cleander, mtumwa wa zamani, alipouza vyeo kama samaki sokoni. Dio asingelazimika kutafuna majani ya shada lake ili asicheke, siku Commodus alipomkata mbuni kichwa, akawasogelea maseneta akiwa amekiinua mkono wa kushoto na upanga unaochuruzika mkono wa kulia, huku akitikisa kichwa na kukenua meno. Sisi tunamjua Commodus kupitia watu walioketi safu ile, na hofu yao imo ndani ya kila mstari.

Askari je? Hapo ndipo hadithi ya mrithi mwema inapokwama. Mwaka 161, Marcus na Lucius Verus walipoingia madarakani, waliahidi kila mlinzi wa kasri sestersi 20,000. Mwanafalsafa ndiye aliyepandisha bei. Mwaka 193 Pertinax, mtu mwadilifu aliyekuta hazina imekauka, alitoa 12,000 na kudai mbele ya seneti kuwa ametoa sawasawa na Marcus. Walinzi walijua hesabu zao. Alidumu siku 87.

Kilichofuata tarehe 28 Machi 193 kinasimuliwa mara nyingi kama kioja. Mimi naona kama mahesabu tu. Sulpicianus, baba mkwe wa Pertinax, yuko ndani ya kambi ya walinzi. Didius Julianus, tajiri, yuko nje ya lango. Askari wanakwenda huku na huku kati yao: yule anatoa kiasi hiki, wewe unaongeza ngapi? Sulpicianus anafika 20,000, kiwango kile kile cha Marcus. Julianus anaruka 5,000 kwa mpigo, anapaza sauti na kuonyesha kwa vidole. Lango linafunguliwa. Alidumu siku 66, na wakati wa mwisho wake, inasimuliwa, alimwomba Pompeianus washirikiane ufalme. Mzee akajibu kwamba umri umekwenda na macho yake hayaoni.

Aliyeshinda ni Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Afrika ya kaskazini, kwa sababu majeshi ya Danube yalikuwa yake. Na jambo la kwanza alilohitaji baada ya ushindi lilikuwa baba. Mwaka 195 akajitangaza mwana wa Marcus Aurelius, aliyekuwa amekufa miaka 15 nyuma, na hivyo akawa ndugu wa Commodus, ambaye baadaye alimfanya mungu. Mzaha mmoja wa wakati huo ulimpongeza kwa kumpata baba. Wanawe, Caracalla na Geta, aliwaachia ufalme kwa pamoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Desemba 211 Geta aliuawa mikononi mwa mama yao. Ndivyo ingekuwa kwa Commodus na Annius Verus, kama yule mdogo angepona kile kisu? Marcus na Lucius Verus walitawala pamoja miaka minane bila kugombana, lakini hao walikuwa ndugu wa kuasiliwa, na mmoja wao alipenda karamu kuliko kazi.

Baada ya Geta, Caracalla aliwasaka wote waliobaki wenye damu ya kifalme. Miongoni mwao alikuwapo mwana wa Lucilla na Pompeianus, mtu mzima sasa, aliyekuwa konsuli na jemadari. Hakuna mahali anapotajwa kudai kiti, na baba yake alikuwa amekikataa zaidi ya mara moja. Caracalla aliamuru auawe, na kazi ikapangwa ili ionekane ameuawa na wanyang’anyi njiani.